Kurudi kwenye Upinde wa Mti

Katika darasa letu moja la kisomo huku wilaya ya Momba, mkoani Songwe, tulipata mjadala ambao haukuwa kwenye ratiba. Siku hiyo tulikuwa na somo la hesabu. Kijana mmoja, ambaye hupakia na kupakua mizigo ya malori mjini Tunduma, alitoa simu yake akatuonyesha picha ya upinde wa ajabu. Haukuwa wa mti. Ulikuwa na magurudumu mawili madogo, moja juu na moja chini, na nyuzi zaidi ya moja.

Mzee mmoja mwanafunzi, ambaye ujanani aliwinda na baba yake, aliitazama picha akauliza, "Mwalimu, huo ni upinde au baiskeli?" Darasa zima likacheka.

Kijana akaeleza kuwa huko Marekani watu huwinda kwa upinde huo. Kisha akasema jambo lililotushangaza zaidi. Alisikia kuwa baadhi ya wawindaji wa huko wanauacha na kurudi kwenye upinde wa mti, kama wa mababu zetu.

"Basi na sisi turudi," akasema. "Upinde si bunduki. Hauna kelele. Nani atatukamata?"

Mama mmoja aliyekaa nyuma hakucheka. Alisema mwanawe aliyasema maneno hayo hayo mwaka uliopita. Alikamatwa porini akiwa na upinde na nyama ya swala. Siku ile tulipokuwa tukijadiliana, mwanawe alikuwa bado gerezani. Darasa likanyamaza.

Tangu siku hiyo nimeifikiria sana habari hii. Leo natoa maoni yangu. Msomaji una haki ya kuyakubali au kuyakataa, lakini kwanza yasome mpaka mwisho.

UPINDE WA MAGURUDUMU NI KITU GANI?

Upinde huu ulibuniwa na Mmarekani mmoja wa jimbo la Missouri, jina lake Holless Wilbur Allen. Aliomba hati ya kulinda ubunifu wake mwaka 1966, akapewa mwaka 1969. Kwa hiyo umri wake ni mdogo. Wazee wengi wa darasa letu walizaliwa kabla yake.

Magurudumu yake yanafanya kazi kama kapi la kuvutia ndoo kisimani. Unapoanza kuvuta, upinde ni mzito. Magurudumu yakizunguka, uzito unapungua. Tuseme upinde unahitaji nguvu ya kilo 30 kuuvuta. Mkono ukifika nyuma kabisa, mwindaji anaweza kubaki ameshika kilo 6 tu. Darasani tulipiga hesabu: 30 toa 6 ni 24. Kilo 24 zinabebwa na magurudumu. Mwindaji anatulia, analenga kwa kidude maalumu kilichofungwa kwenye upinde, kisha anafyatua.

Upinde wa mti hauna huruma hiyo. Kadiri unavyouvuta, ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Mwisho wa kuvuta, uzito wote umo katika vidole vyako. Huwezi kukaa hivyo muda mrefu. Hakuna kidude cha kulengea. Kuna jicho, mkono, na mazoea ya miaka mingi.

KWA NINI WENGINE WANARUDI?

Hapa ndipo darasa lilipouliza swali zuri: mtu mwenye akili anaachaje chombo chepesi na kuchukua kizito?

Jibu ni kwamba upinde wa magurudumu unampunguzia mwindaji mambo ya kujifunza. Unamwezesha kupiga kutoka mbali, hatua 30, 40 au zaidi. Mwenye upinde wa mti hana budi kusogea. Wengi wao hujiwekea mpaka wa hatua 20 au pungufu. Ili ufike hatua 20 kutoka kwa mnyama mwitu, ni lazima uujue upepo unakotoka. Ni lazima ujue mnyama anakunywa maji wapi na saa ngapi. Ni lazima ujue kukanyaga majani makavu bila sauti. Na siku nyingi utarudi nyumbani mikono mitupu.

Wanaorudi kwenye upinde wa mti wanasema wanataka ujuzi uwe ndani ya mtu, usiwe ndani ya chombo. Mimi nawaunga mkono. Lakini nasema pia kwamba kurudi huku si jambo jepesi kama kijana wetu alivyodhani. Upinde wa mti ni chombo rahisi kwa umbo, lakini unadai elimu kubwa zaidi. Anayerudi kwake anarudi shuleni.

DAKTARI ALIYEKUWA MWANAFUNZI

Nitawaeleza kisa cha kweli. Mwaka 1911, huko California nchini Marekani, alitokea porini mtu mmoja peke yake. Watu walimwita Ishi. Sisi tukilisoma jina hilo tunaona neno la Kiswahili, lakini katika lugha ya watu wake maana yake ni mtu. Alikuwa wa mwisho katika kabila la Yahi. Wengi wa kabila lake waliuawa na walowezi waliochukua nchi yao.

Ishi hakuwahi kukaa darasani. Lakini alijua kuchagua mti wa upinde, kuukausha, kuuchonga na kuufunga upote. Alijua kutengeneza mshale unaokwenda ulikotumwa. Daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Saxton Pope, alifanya urafiki naye. Daktari huyu msomi alikaa miguuni pa mtu asiyejua kusoma, akajifunza kutengeneza upinde na kuutumia. Ishi alikufa mwaka 1916. Mwaka 1923 daktari alitoa kitabu kuhusu uwindaji wa upinde, na ndani yake mna mambo mengi aliyofundishwa na rafiki yake.

Mwaka 1925 daktari huyo na mwenzake, Arthur Young, walikuja hapa kwetu Tanganyika kuwinda simba kwa upinde na mshale. Watu wenye bunduki walikuwa karibu nao kwa ajili ya usalama.

Habari ya simba hao si kitu kikubwa kwangu. Kubwa ni kwamba daktari alikubali kuwa mwanafunzi. Na kubwa zaidi ni kwamba aliandika. Kama asingeandika, sehemu kubwa ya ujuzi wa Ishi ingezikwa pamoja na Ishi.

WALE AMBAO HAWAJAUACHA

Hapa Tanzania hatuna haja ya kwenda California kutafuta mfano. Wahadzabe, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, hawakuuacha upinde wa mti hata siku moja. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilaya ya Mbulu, walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Serikali imekuwa ikiwaachia kuwinda kwa ajili ya chakula chao.

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Anaanza na ndege na panya. Anakua nao. Upinde wa mtu mzima unaweza kudai nguvu ya kilo 30 au zaidi, na kilo zote hizo anazibeba mwenyewe. Upote wake hutengenezwa kwa kano za mnyama. Vigumba vya chuma hufuliwa kwa misumari. Mshale wa ndege hauna chuma, na mshale wa mnyama mkubwa una sumu.

Fikirini, ndugu zangu. Mhadzabe anajifunza tangu miaka mitatu. Sisi tunataka kununua upinde Jumamosi na kwenda porini Jumapili. Je, tunamheshimu mnyama? Je, tunauheshimu upinde wenyewe?

JEMBE NA UPINDE SI SAWA

Mwanafunzi mmoja alinibana kwa swali. Alisema, "Mwalimu, wewe unatuhimiza tuache jembe la mkono tulime kwa plau. Sasa unasifu upinde wa zamani. Mbona unageuka?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nilikwenda nyumbani nikalifikiria usiku kucha. Jibu langu ni hili.

Mahindi tunayapanda sisi. Ukiwa na plau unalima eka nyingi zaidi, unapanda zaidi, unavuna zaidi. Chombo chepesi shambani kinaongeza chakula. Lakini swala hatumpandi. Hatumpalilii wala hatumtii mbolea. Chombo chepesi porini hakiongezi hata swala mmoja. Kinawapunguza tu.

Mtazameni mtego wa waya. Ni chombo chepesi kuliko vyote. Mwenye mtego amelala nyumbani, mtego unafanya kazi usiku na mchana. Unakamata dume, jike lenye mimba, na mtoto. Unakamata hata mbwa wa jirani. Mwenye mtego akisahau alipoutega, mnyama anaoza porini bila faida kwa mtu yeyote.

Upinde wa mti ni kinyume chake. Unamlazimisha mwindaji amwone mnyama kwa macho yake, amchague, na amfuate mmoja tu. Ugumu wake ni ulinzi kwa wanyama. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuusifu. Siusifu kwa kuwa ni wa zamani tu. Msemo wetu unasema mwacha asili ni mtumwa, lakini si kila cha asili kinafaa, na si kila kipya ni kibaya. Tupime kila chombo kwa kazi yake.

KUPIGA BILA KUJUA NI UKATILI

Sasa nasema upande wa pili, kwa sababu ukweli una pande mbili.

Mshale hauui kama risasi. Risasi huvunja na kutikisa mwili. Mshale hukata, na mnyama hufa kwa kutokwa damu. Kwa hiyo kigumba lazima kiwe kikali kama wembe, na lazima kiingie kifuani, kwenye mapafu au moyo. Mshale ukiingia tumboni au pajani, mnyama hukimbia na jeraha. Anaweza kuteseka siku nyingi. Nyama huliwa na fisi, na wewe umerudi na hasira.

Mwindaji hodari hupiga mshale mmoja na kusubiri. Halafu hufuata damu polepole. Asipokuwa na hakika, hapigi kabisa. Anamwacha mnyama aende. Mzee wetu alituambia kuwa baba yake alimfundisha kwanza kutopiga, ndipo akamfundisha kupiga. Mwaka mzima alibeba podo la baba yake bila kuruhusiwa kuvuta upinde.

Kwa sababu hiyo siwezi kuubeza upinde wa magurudumu. Mtu mwenye kibali, asiye na mazoezi ya kutosha ya upinde wa mti, anaweza kumuua mnyama haraka zaidi kwa ule wa magurudumu. Mnyama hajali kama upinde wako ni wa asili. Anajali maumivu. Anayetaka kurudi kwenye upinde wa mti ajizoeze kwanza kwenye shabaha mpaka mshale utii.

SHERIA HAISIKILIZI KELELE

Kijana wetu alisema upinde hauna kelele. Ni kweli. Lakini sheria haisikilizi kelele. Inauliza: una kibali?

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inahesabu upinde na mshale kuwa silaha, pamoja na bunduki, mkuki, wavu na mtego. Kuwinda bila leseni ni kosa, hata kama silaha yako ni ya mti na kano. Kuwinda kwa mshale wenye sumu kumekatazwa, na mitego ya mashimo na ya waya imekatazwa pia. Ndani ya Hifadhi za Taifa wananchi hawaruhusiwi kuwinda kabisa.

Mzee alinijibu kwa uchungu. "Mwalimu, mgeni mwenye dola anawinda. Mimi niliyezaliwa hapa nakatazwa. Na nguruwe pori wanamaliza mahindi yangu."

Sikumdharau. Malalamiko yake yana uzito. Ni kweli wageni hulipia vitalu na kuwinda kwa kibali. Lakini nilimwambia mambo mawili.

Kwanza, sheria inamruhusu mtu kuua mnyama anapolinda uhai au mali yake. Ikitokea hivyo, ni lazima utoe taarifa mara moja. Mnyama huyo si kitoweo chako, ni mali ya serikali. Kwa hiyo nguruwe akiingia shambani, usinyamaze. Mwone mwenyekiti wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya.

Pili, kama tunaona sheria inatubana, mahali pa kusema ni mkutano wa kijiji. Tuulize mapato ya uwindaji yanakwenda wapi. Tuulize kijiji kinapata nini. Mtu anayejua kusoma anaweza kuisoma sheria mwenyewe, na anaweza kuandika barua kwa halmashauri. Mtu anayeingia porini usiku na upinde hajauliza swali lolote. Akikamatwa, maswali ataulizwa yeye.

Yule mama alisema, "Kama mwanangu angeyajua haya, leo angekuwa shambani kwangu." Maneno hayo yamenikaa moyoni. Ndiyo yaliyonifanya niandike.

BASI TUFANYE NINI?

Ndugu wasomaji, mimi nashauri tuurudie upinde wa mti, lakini kwa njia ya elimu.

Turudi kwa wazee. Kila kijiji chetu bado kina mzee mmoja au wawili wanaojua mti gani unapinda bila kuvunjika, ukatwe majira gani, ukaushwe kivulini siku ngapi. Mkole ni mmoja wa miti inayosifiwa. Wazee wataitaja mingine, na kila lugha ya hapa, Kinyamwanga, Kinyiha, Kiwanda, ina jina lake kwa kila mti. Majina hayo hayamo katika vitabu vyetu vya kisomo. Tuyaandike sisi.

Tukumbuke yaliyotupata. Zamani Wanyiha na majirani zao Wafipa waliyeyusha chuma kwa tanuru za udongo, wakafua majembe, shoka na silaha. Leo ni nani kati yetu anayeweza kuwasha tanuru hilo akatoa chuma? Ujuzi hauzeeki, lakini wenye ujuzi wanazeeka.

Tufanye mchezo wa shabaha. Gunia lililojazwa majani makavu linatosha. Liwekwe mahali pa wazi, mbali na njia na nyumba, na mwenyekiti wa kijiji ajulishwe. Upigaji mishale ni mchezo hata katika Olimpiki, na wanawake hushindana pia. Vijana wajifunze kutulia, kupima umbali na kuhesabu alama. Hapo upinde hauui swala na haumfungi mtoto wa mtu.

Na yule mwenye haja ya kuwinda kweli, aende kwanza ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Aulize leseni, mnyama, eneo, majira na silaha inayokubaliwa. Akiambiwa hapana, iwe hapana.

Mzee wetu alianza kisomo akiwa hajui kushika kalamu. Juma lililopita nilimpa daftari nikamwomba aandike jambo moja analolijua kuliko mimi. Aliandika polepole, herufi moja moja, jina la mti ambao baba yake alichongea upinde wake. Chini yake akaandika: "Usikate mti mchanga." Kijana wa Tunduma aliusoma mstari huo kwa sauti, kisha akamwuliza, "Baba, mti huo uko wapi? Nionyeshe."

Wamepanga kwenda pamoja siku ya Jumamosi. Wataenda na daftari. Upinde watauacha nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Upinde wa magurudumu unatofautianaje na upinde wa mti?

2. Mwandishi anasema chombo chepesi shambani ni kizuri, lakini porini kinaweza kuleta hasara. Je, unakubali? Toa sababu.

3. Ukimwona nguruwe pori shambani mwako, utafanya nini? Utatoa taarifa kwa nani?

4. Taja ujuzi mmoja wa wazee wa kijiji chako ambao haujaandikwa. Andika mistari mitano juu ya ujuzi huo.